Ikikauka, ni nini kilichokauka? Maji na lugha ya mapishi yetu

"Ongeza maji kiasi, funika, ikikauka epua." Sentensi hii, au ndugu yake wa karibu, nimeisoma mara nyingi mno miaka ya karibuni: kwenye kurasa za mapishi, nyuma ya pakiti za vyakula, chini ya video za vijana wanaopika huku simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, na hata katika madaftari ya wanafunzi. Ni fupi, ni Kiswahili, na mtu asiyejua kupika hawezi kuifuata. Maji kiasi gani? Yawe baridi au ya moto? Na ikikauka, ni nini hasa kilichokauka?

Leo nataka tuichunguze sentensi hiyo kama tunavyochunguza ubeti wa shairi au aya ya riwaya. Sioni sababu ya uhakiki kuishia kwenye tamthilia na diwani. Maelezo ya upishi ni utungo pia. Yana msimulizi, yana hadhira, yana mpangilio wa wakati, na yana jambo moja ambalo riwaya haina: msomaji akiyafasiri vibaya, familia inalala na njaa.

Nimewasikia wenzangu wakisema kwamba mapishi yetu yamejaa "kiasi" kwa sababu Kiswahili hakikuzoea vipimo. Kwamba bibi zetu walipika kwa kukisia, na kwamba usahihi umekuja na kikombe na gramu. Mimi naona vingine kabisa. Katika upishi wa Waswahili kipimo cha maji kilikaa ndani ya kitenzi na viambishi vyake. Tulipoanza kuandika mapishi tuliviacha vitenzi hivyo jikoni, tukabaki na "kiasi", kisha tukaituhumu lugha kwa umaskini ambao tumeusababisha wenyewe.

Tuanze na orodha. Kurasa nyingi za mapishi hufuata mtindo mmoja: muda wa kuandaa, muda wa mapishi, walaji, viungo, maelekezo. (Hilo la "walaji" hunichekesha kila mara, katika siasa zetu neno hilo lina kazi nyingine, lakini liwe.) Chini ya viungo utaona nyanya 3, kitunguu 1, mafuta vijiko 2, chumvi. Maji aghalabu hayamo. Yanazuka ghafla kwenye hatua ya tatu au ya nne kama mhusika asiyetambulishwa, na sifa yake ni moja tu: kiasi. Mhariri atasema maji yapo tu kila nyumba. Sijui anaishi mtaa gani. Wapo wasomaji wanaonunua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni, na kwao maji ni kiungo chenye bei kama kitunguu. Maelezo yanayotaka mchele uoshwe mara tatu, kisha uroweke, kisha maji yamwagwe, yamekwisha kula sehemu ya mtungi huo kabla jiko halijawashwa, na hayakusema neno.

Sasa tuje kwenye "ikikauka". Hapa ndipo penye uzito, nami naomba msomaji anivumilie kidogo kwa sarufi.

Neno maji liko katika ngeli ya YA-YA, pamoja na mafuta, maziwa, mate na manukato. Maji yamechemka, maji yanatokota, maji yamekwisha. Katika mazungumzo ya Kenya, hasa mijini, karibu kila mtu husema "maji imechemka", na siku hizi sijisumbui kumsahihisha mtu anayeniletea chai. Tukiwa sote jikoni, tunaitazama sufuria moja. Ukisema "imekauka" nitainua kifuniko nione mwenyewe.

Lakini maandishi hayana kifuniko cha kuinua. Hebu tazama kinachotokea tukizirejesha ngeli mahali pake. "Yakikauka, epua": maji. "Likikauka, epua": tui. "Ukikauka, epua": wali, au mchuzi. "Zikikauka, epua": mbaazi au mboga. "Ikikauka, epua": nyama, au Mungu aepushe, sufuria yenyewe. Hizo ni amri tano tofauti, na kila moja inampeleka mpishi kwenye hatua yake. Maji ya nyama yakikauka, nyama yenyewe bado ina unyevu na ndiyo kwanza iko tayari kutiwa mafuta na vitunguu. Nyama ikikauka, umechelewa. Tofauti kati ya chakula kizuri na chakula kilichoungua imekaa kwenye silabi moja mwanzoni mwa kitenzi, na silabi hiyo ndiyo tunayoifuta tunapoandika "i-" kila mahali. Miaka yote niliyofundisha upatanisho wa kisarufi, wanafunzi wameniuliza ngeli zina faida gani nje ya mtihani. Jibu langu siku hizi ni sufuria ya nyama.

Kisha vitenzi vyenyewe. Sikiliza wanavyozungumza watu waliozoea jiko. Mchele hunywa maji, wa zamani hunywa mengi, mpya hunywa kidogo, na muuza mchele mwaminifu atakwambia mapema, "Huu ni mpya, usiutie maji mengi." Unga nao hunywa. Nyanya na vitunguu hutoa maji. Nyama huivia katika maji yake. Mchicha hunywea, na kitenzi hicho kinastahili kuangaliwa mara mbili, kwa maana kinaeleza kwamba majani yametoa maji, yamelegea, yamepungua ukubwa, yote kwa neno moja. Badala yake tunaandika "kaanga mboga kwa dakika 3 hadi zipungue". Zipungue nini? Idadi?

Na hayo "maji yake" ni hazina ambayo maelezo yaliyotafsiriwa huipoteza karibu kila mara. Mpishi anapoambiwa aiache nyama iive kwa maji yake, ameambiwa mambo mawili: asiongeze maji, na asiogope akiona sufuria kavu mwanzoni, maana maji yanakuja. Kimilikishi kimefanya kazi ya sentensi nzima.

Kuhusu kuchemsha, tumejifanya maskini bila sababu. Leo kila kitu "huchemshwa", au kwa vijana wetu "huboiliwa", na kwenye vibanda vya nyama kuna "boilo". Sina ugomvi na boilo. Ni jina la chakula na limeshakubalika. Ugomvi wangu ni kwamba kuchemsha kumeyameza maneno yaliyokuwa na kazi zake. Maji huchemshwa. Nyama hutokoswa, yaani huivishwa majini yanayotokota. Muhogo, viazi vitamu na ndizi hupwazwa: vinapikwa kwa maji peke yake, bila nazi na bila kuungwa. Samaki akipikwa kwa maji na chumvi, bila mafuta wala tui, huyo ni wa chukuchuku. Ukimwambia mpishi wa Pwani "pwaza muhogo", hahitaji kuuliza kama atie nazi. Umeshamwambia asitie. Ukimwambia "chemsha muhogo", itabidi uongeze maelezo, na maelezo hayo hayaongezwi.

Mfano ninaoukasirikia kuliko yote ni tui. Siku hizi, kwa sababu watu wanatafsiri kutoka Kiingereza neno kwa neno, tui limegeuzwa "maziwa ya nazi". Nazi haikamwi. Tui ni neno lenye umri mkubwa. Krapf alilikuta Pwani na kuliingiza katika kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882. Wapo wanaosema hata "tui la nazi" ni kosa kwa kuwa tui ni la nazi tu. Hapo nadhani wanazidisha. "Tui la nazi" halimpotezi mtu njia. Ni ziada tu, kama kusema "kukwea juu".

Kasoro ya "maziwa ya nazi" inazidi sura ya neno, kwa sababu inafuta hatua. Maziwa ni kitu kimoja. Ukishayamimina kikombeni yanafanana. Tui hukamuliwa kwa zamu. Lile linalokamuliwa kwanza, bila maji au kwa maji machache sana, ni tui zito, ambalo wengine huliita kasimele au kasimile. Nazi ileile ikitiwa maji na kukamuliwa tena inatoa tui la pili, jepesi, na hata la tatu. Machicha ni yale makapi yanayobaki. Kila tui lina zamu yake sufuriani. Maharagwe au mbaazi huivia katika tui jepesi, kwa sababu lina maji mengi na linaweza kukaa motoni muda mrefu. Tui zito huja mwisho, kwa moto mdogo, na mpishi akikoroga ili lisikatike, yaani mafuta yasijitenge na maji. Sasa mtu anayesoma "ongeza vikombe 3 vya maziwa ya nazi, chemsha kwa dakika 40" atafanya nini? Atamimina vyote pamoja mwanzoni. Tui litakatika, mafuta yataelea juu, na chini patabaki chengachenga. Atasema nazi ilikuwa mbaya. Nazi haikuwa na kosa. Aliyemwandikia alikuwa na neno moja mahali palipohitaji mawili.

Isitoshe, "maziwa ya nazi" yanakaa jirani na "maji ya nazi", na hapo wasomaji wa bara wanachanganyikiwa kabisa. Maji ya nazi ni yale yaliyomo ndani kabla hujaikuna. Ya dafu ni matamu na watu huyanywa barabarani, ya nazi iliyokomaa wengi humwaga au huwapa watoto. Hayahusiani na tui. Maji ambayo hukamulia tui ni maji ya mtungi wako.

Msomaji asinifikirie kwamba ninataka kila neno la zamani lirudi. Chukua maji ya waridi. Biriani ya Mombasa hunyunyiziwa zafarani iliyoroweka katika maji hayo, na jina lake la heshima kwa wazee ni marashi ya mawaridi. Ndiyo hayo hutiwa kwenye mrashi na kurashiwa wageni harusini. Lakini neno marashi leo, kwa kijana wa Nairobi, ni manukato ya chupa yanayopuliziwa shingoni. Ukimwandikia "tia marashi vijiko 2 kwenye biriani", unahatarisha maisha ya watu. Hapo naafiki "maji ya waridi", ingawa ni tafsiri ya moja kwa moja. Kigezo changu ni jikoni: neno lipi litamfanya mpishi atie kitu sahihi?

Vivyo hivyo "maji baridi". Katika matumizi ya Pwani maji baridi ni yale yasiyo ya chumvi, hata kama jua limeyapasha. Ndiyo maana tunasema samaki wa maji baridi tukimaanisha wa mtoni au ziwani. Kwa mpishi wa kisasa maji baridi ni ya kwenye friji. Wote wawili wana haki. Anayeandika ndiye anayepaswa kujua anaongea na nani, hasa akikumbuka kwamba visima vingi vya mwambao vina maji yenye chumvichumvi, na anayepikia maji hayo hupunguza chumvi ya chakula bila kuambiwa.

Chapati za maji zinanifurahisha kwa sababu nyingine. Ni zile ambazo unga wake huwa mwepesi kama uji, ukamiminwa kwenye kikaango, tofauti na za kusukuma. Zanzibar wana mkate wa maji wa namna hiyohiyo. Katika jina hilo maji si kiungo tu, ni hali ya unga. "Chapati za maji" na "maji ya chapati" ni vitu viwili: ya pili ni yale unayokandia. Kihusishi -a cha Kiswahili kina uwezo huo wa kugeuza kitu kikawa sifa, na watu wasio na cheti chochote cha isimu huutumia kila asubuhi. Urojo wa Zanzibar nao jina lake limetokana na rojo: chakula kimeitwa kwa uzito wa maji yake. Lugha inayovipa vyakula majina kwa namna hii haiwezi kuambiwa kwamba haijali vipimo. Hali kadhalika wali ukizidiwa na maji una jina, mashendea, na ulioshika chini ya sufuria una jina, ukoko. Makosa yenyewe yamepewa istilahi!

Kuna viambishi vya wakati pia. "Tumia maji yaliyochemshwa" na "tumia maji yanayochemka" si sentensi moja. Maji yaliyochemshwa jana usiku yakapoa ni salama kunywa, na ukiyatilia unga wa ugali utapata kitu ambacho sitaki kukiita jina. Ugali unataka yanayochemka. Uji unataka kinyume: unga ukorogwe kwanza katika maji baridi, kwa sababu ukiutupa mkavu kwenye maji yanayotokota, sehemu ya nje ya kila bonge huiva papo hapo na kuuzuia unga wa ndani usipate maji. Hayo ndiyo madonge. Tofauti ya -li- na -na- ndiyo tofauti ya uji na madonge, lakini nimeona "maji ya kuchemsha" yakitumiwa kwa hali zote mbili, pamoja na hali ya tatu, ya maji ambayo bado hayajawekwa motoni.

Hapo ndipo wapenzi wa dakika huniambia: Profesa, si tuandike tu namba, tuache viambishi? Kikombe kimoja cha mchele, vikombe viwili vya maji, dakika 20. Namba ninazipenda, na kikombe ni jambo jema. Ila dakika zina ujanja wake. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi pale Mombasa, usawa wa bahari. Nairobi, yapata mita 1,795 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Eldoret, kwenye mita 2,100, ni nyuzi 93. Kadiri unavyopanda, ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua na maji yanavyotokota mapema kabla hayajapata moto wa kutosha. Chakula kigumu, hasa jamii ya kunde, huchukua muda mrefu zaidi kuiva.

Dadangu wa Mombasa alipokuja kunitembelea Eldoret, alipika mbaazi za kulia mahamri, kazi anayoifanya akiwa amefumba macho. Saa yake ya kawaida ikapita, ikapita nyingine.

"Hebu nambie, mbaazi za bara mwazichanganya na kokoto?"

"La, dada. Ni maji ya huku. Yanachemka mapema lakini moto wake ni mdogo."

"Maji yatokota, na moto hayana? Usomi huo, mdogo wangu, kawaambie wanafunzi."

Mbaazi ziliiva, jioni. Lakini angalia: hakuzitazama saa zile ili ajue zimeiva. Alichota moja kwa upawa akaibonyeza kwa kidole. Kipimo chake kilikuwa "mpaka zibonyee", na kipimo hicho ni sahihi Mombasa, Eldoret na hata kileleni mwa Kirinyaga kama kuna mwendawazimu wa kupika mbaazi huko. "Dakika 40" ni sahihi mahali pamoja tu, alikopikia aliyeandika. Neno "mpaka" likifuatwa na kitenzi kinachoonyesha dalili ni kipimo kinachosafiri. "Mpaka litokote." "Mpaka zibonyee." "Mpaka unywee." "Mpaka yakauke." Bibi zetu hawakukisia, walipima kwa dalili.

Na "kiasi" je? Mdomoni, "kiasi" huandamana na mkono. Anayekufundisha kupika wali hukuwekea kidole cha shahada juu ya mchele sufuriani na kukuonyesha maji yafike kwenye pingili ya kwanza. "Kiasi hiki." Kuna kielezi, kuna kionyeshi, kuna kidole. Tulipoliandika neno hilo tulikata kidole tukabakiza kielezi. Katika semantiki tungesema "kiasi" ni neno linalohitaji muktadha wa macho. Karatasini muktadha huo haupo, na aliyeandika hakutia kitu mahali pake.

Jambo hili lingekuwa la kupita kama lisingekuwa darasani. Vitabu vya Kiswahili vya sekondari hufunza uandishi wa resipe kama utungo wa kiuamilifu. (Neno lenyewe, resipe, silipendi sana, "mapishi" lingetosha, lakini limeshazoeleka na sitalipigania.) Wanafunzi hufunzwa muundo: kichwa, viambato, hatua, nambari kila hatua. Anayeandika "ongeza maji kiasi, ikikauka epua" chini ya nambari 4 anapata alama za muundo, na msahihishaji akiwa mkali atamtoza alama ya sarufi kwa hiyo "i-". Sijaona msahihishaji anayeuliza swali la msingi: je, chakula hiki kingeiva? Ningetamani walimu wajaribu hivi: mwanafunzi mmoja aandike, mwingine apike kwa kufuata yale tu yaliyoandikwa, bila kuuliza. Somo la ngeli litaisha mapema siku hiyo.

Nisije nikaambiwa kwamba ni rahisi kukosoa, nimejaribu kuandika wali wa nazi kwa namna ninayoidai, bila "kiasi" hata mara moja. Ni wa watu wanne.

Unahitaji mchele wa pishori vikombe 2, nazi 2, chumvi kijiko 1 cha chai, maji vikombe 3 na nusu ya kukamulia tui, na mengine ya kuoshea mchele. Kuna nazi. Zimiminie kikombe kimoja cha maji ya fufutende, zifikiche, zikamue, chuja. Hilo ni tui zito, liweke kando. Zirudie kwa maji yaliyobaki upate tui jepesi. Osha mchele mpaka maji ya kuoshea yatoke maangavu, uchuje. Teleka tui jepesi pamoja na chumvi, ukilikoroga mpaka litokote. Tia mchele, koroga mara moja, ufunike, moto uwe wa wastani. Tui likishuka chini ya uso wa mchele na vijishimo vikaanza kuonekana, mimina tui zito, geuza taratibu, punguza moto hadi mwisho, funika tena. Kama unatumia makaa, palia juu ya kifuniko. Tui likikauka, onja. Punje zikiwa bado zina kiini kigumu, nyunyiza robo kikombe ya maji yanayochemka, ufunike wali mpaka yakauke nayo. Epua.

Machicha usiyatupe. Kama hufugi kuku, jirani yako anafuga.